Sura ya Saba: Wanawake wa Nchi Gani Hufa Zaidi kwa Dawa za Kulevya?

Dawa za kulevya zikijadiliwa, iwe ni kwenye kipindi cha redio au kwenye kikao cha wazazi shuleni, swali moja halikosi kuulizwa: mbona tunasikia wanaokufa ni Wamarekani, ilhali mateja tunawaona hapa hapa, Manzese, Kisauni, Malindi na Unguja? Na mara nyingi yupo mama mmoja atakayeongeza la kwake: na wanawake je, nao wamo?

Wamo. Katika kila nchi tutakayoiangalia kwenye sura hii wanawake wamo, na idadi yao ni ndogo kuliko ya wanaume. Lakini uchache huo unatofautiana sana. Kuna nchi ambako kati ya watu wanne au watano wanaokufa, mmoja ni mwanamke. Kuna nyingine ambako ni mmoja kati ya watatu. Tofauti hizo zina sababu nyingi, ila iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni njia ambayo dawa hupitia mpaka kumfikia mwanamke: kwa daktari, kwa muuzaji wa mtaani, au kwa mwanaume anayeishi naye. Sura hii inaifuata njia hiyo nchi baada ya nchi, na inaishia kwetu, ambako vifo vyenyewe kwa kawaida haviandikwi.

## Kifo kipi kinahesabiwa?

Kuna mambo matatu ya kuelewana kwanza, maana bila hayo nambari zitatupotosha.

La kwanza ni kuzidisha dozi. Maana yake ni mtu kutumia dawa kuliko mwili wake unavyoweza kuhimili. Wauaji wakubwa ni dawa za jamii ya afyuni: heroini, ambayo huku tunaiita unga, pamoja na morfini, kodeini, na fentanili, dawa ya maabara yenye nguvu takriban mara 50 ya heroini. Zote hutuliza maumivu, na zote hupunguza kasi ya kupumua. Zikizidi, mtu analala usingizi usioamshika, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo inabadilika rangi, pumzi inakata. Akizichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, kiasi ambacho jana hakikumdhuru leo kinaweza kumuua.

La pili ni kiwango cha vifo, yaani idadi ya waliokufa kwa kila watu 100,000. Ukiambiwa kwamba mwaka huu kipindupindu kimeua watu 10 katika wilaya yako na 5 katika wilaya ya jirani, usikimbilie kusema kwenu ndiko kubaya. Uliza kwanza kila wilaya ina watu wangapi. Ikiwa ya jirani ina robo tu ya watu wenu, basi wao ndio walioumia zaidi. Ndiyo maana Marekani yenye watu zaidi ya milioni 330 haiwezi kuwekwa karibu na Uskoti yenye watu milioni 5 na nusu mpaka idadi zote mbili zigeuzwe kuwa viwango.

La tatu ndilo linalosahaulika: kila nchi ina tafsiri yake ya kifo cha dawa. England na Wales zinapotangaza vifo vya sumu ya dawa, ndani yake kuna heroini na kokeini, na humo humo kuna aliyekunywa vidonge vingi vya kutuliza homa kwa nia ya kujiua. Uskoti, katika hesabu yake inayotajwa zaidi, inahesabu zile dawa zinazodhibitiwa na sheria. Sasa hapa wanawake wanahusika moja kwa moja, kwa sababu katika England na Wales sehemu ya vifo hivi inayotokana na kujiua ni kubwa zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Tafsiri ikipanuka, wanawake wanaongezeka kwenye orodha. Ikibanwa, wanapungua, na hali hakuna hata mmoja wao aliyefufuka.

Juu ya hayo, kuna vifo vinavyokuja polepole. Mtu aliyechangia sindano akapata virusi vya UKIMWI (VVU) au homa ya ini aina ya C, akafa miaka kumi baadaye, amekufa kwa dawa za kulevya au kwa ini? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 vifo takriban 600,000 duniani vilihusiana na matumizi ya dawa za kulevya, na waliozidisha dozi ni takriban robo tu ya hao. Waliobaki wengi walikufa kwa maradhi yaliyoachwa na sindano na miaka ya matumizi.

Kwa hiyo ukikutana na takwimu gazetini, iulize maswali haya:

- Ni idadi au ni kiwango?
- Inahesabu dawa za mtaani peke yake, au na za hospitali pia?
- Waliojiua wamo?
- Nani alipima damu ya marehemu, na je, hupimwa kila anayefariki katika mazingira ya kutia shaka?

Hilo la mwisho ndilo litakaloturudisha Afrika Mashariki.

## Mmarekani mwanamke na Mzungu mwanaume

Mwaka 2022 Marekani ilipoteza watu karibu 108,000 kwa kuzidisha dozi. Kwa kila wanaume 100,000 walikufa karibu 46. Kwa kila wanawake 100,000 walikufa 19. Hapo utasema, basi hatari ni ya wanaume.

Sasa vuka bahari. Mwaka huo huo, nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya, zenye watu karibu milioni 450, zilikadiriwa kuwa na vifo takriban 6,400, na zaidi ya robo tatu ya waliokufa walikuwa wanaume. Ukizigawanya nambari hizo, unapata wanaume kama 2 kwa kila 100,000, na mwanamke hafiki 1. Maana yake ni kwamba mwanamke wa Marekani alikuwa katika hatari kubwa mara kadhaa kuliko mwanaume wa Ulaya. Hata tukikubali kwamba baadhi ya nchi za Ulaya huhesabu pungufu, na zenyewe zinakiri hivyo, pengo la namna hiyo halizibwi na makosa ya hesabu.

England na Wales zimekaa katikati. Mwaka 2023 zilisajili vifo 5,448 vya sumu ya dawa: wanaume 3,645 na wanawake 1,803. Ni mwanamke mmoja katika kila vifo vitatu, kama 6 kwa kila wanawake 100,000.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu tumezoea kueleza vifo vya dawa kwa tabia za watu: wanaume ni wakorofi, wanawake ni waoga, vijana hawasikii. Tabia ya mwanamke wa Ohio haitofautiani mara thelathini na ya mwanamke wa Lisbon. Kilichotofautiana ni kile kilichowekwa mbele yake, na nani alikiweka.

## Dawa ilipoandikwa na daktari

Mwaka 1999 kiwango cha vifo kwa wanawake wa Marekani kilikuwa karibu 4 kwa kila 100,000. Mwaka 2021 kilikuwa karibu 20. Katika kipindi cha miaka 22, kiliongezeka mara tano. Mwanzo wa safari hiyo hauko vichochoroni. Uko kwenye chumba cha daktari.

Wanawake, Marekani na kwingineko, huenda kwa daktari mara nyingi kuliko wanaume. Huugua zaidi maumivu yasiyokwisha, kama kipandauso na maumivu ya viungo. Na kwa muda mrefu wameandikiwa dawa za kutuliza wasiwasi kwa wepesi mkubwa. Kidonge cha Valium kiliingia sokoni Marekani mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 kilikuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa kuliko zote nchini humo. Matangazo yake kwa madaktari yalijaa picha za mama wa nyumbani aliyechoka. Kidonge kilikuja kama jibu la uchovu wa nyumba, watoto na mume asiyesaidia.

Mtu aliyelifichua jambo hili mbele ya taifa zima alikuwa mke wa rais. Betty Ford, aliyekaa Ikulu ya Marekani na mumewe Gerald Ford kuanzia 1974 hadi 1977, alianza kumeza dawa za maumivu katika miaka ya 1960, baada ya mshipa wa neva kubanwa shingoni. Aliandikiwa na madaktari. Ziliongezwa nyingine, akachanganya na pombe, na miaka ikapita. Aprili 1978 mumewe na watoto wao walimkalisha sebuleni, wakamwambia mmoja baada ya mwingine kile walichokuwa wakikiona: mama anayesahau, mama anayelala mchana, mama anayeanguka. Alilia, akakasirika, kisha akakubali kwenda kutibiwa katika hospitali ya jeshi la wanamaji huko Long Beach, na akatangaza hadharani alichokuwa akitibiwa. Mwaka 1982 alishiriki kuanzisha kituo cha tiba kinachobeba jina lake. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 93.

Tazama alichokuwa nacho: familia iliyoona, hospitali iliyompokea, na hakuna aliyemtishia kumnyang'anya watoto. Wanawake waliomfuata hawakuwa na hayo.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilileta OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni, na kukinadi kwa madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. (Uraibu ni hali ya mwili na akili kushikwa na dawa kiasi kwamba kuiacha kunaleta ugonjwa.) Mwaka 2007 kampuni mshirika wa Purdue, na mwaka 2020 Purdue yenyewe, zilikiri makosa ya jinai mahakamani. Lakini kati ya 1999 na 2010 vidonge vya maumivu vilikuwa vimeshaua wanawake karibu 48,000. Vifo vya aina hiyo kwa wanawake viliongezeka zaidi ya mara tano, kwa kasi kuliko wanaume. Kuanzia mwaka 2007, wanawake wengi zaidi wa Marekani walikufa kwa kuzidisha dozi kuliko kwa ajali za magari.

Nani hasa walikuwa wakifa? Msomaji huenda anamwona akilini binti wa miaka 20 kwenye kona ya barabara. Takwimu za wanawake wenye umri wa miaka 30 hadi 64 zinaonyesha sura nyingine. Kati ya 1999 na 2017 wastani wa umri wa waliokufa ulipanda kutoka miaka 43 na nusu hadi 46, na kundi lililoongezeka kwa kasi kuliko yote ni la wenye miaka 55 hadi 64, karibu mara sita. Hao ni mama zetu. Wengine walikuwa bibi wenye wajukuu, wana mgongo unaouma na kikopo cha vidonge juu ya kabati.

Serikali ilipobana vidonge, waliokwisha kuwa waraibu hawakupona kwa amri. Wengi walihamia heroini, na kuanzia 2013 fentanili ikaingia kwenye heroini na kwenye vidonge bandia. Vifo vilipanda hadi mwaka 2022, kisha mwaka 2024 vikashuka kwa kiasi kikubwa, hadi takriban 80,000 kwa jinsi zote.

Kwa ufupi: dawa inapopita hospitalini, kinga ya kawaida ya wanawake, yaani kukaa mbali na maskani za uuzaji, haifanyi kazi. Inawafuata nyumbani ikiwa na jina lao juu ya kikopo.

Afrika nako kuna mfano. Utafiti wa kitaifa wa Nigeria uliotolewa mwanzoni mwa 2019 uliona kwamba mtumiaji mmoja kati ya wanne wa dawa za kulevya ni mwanamke, lakini pengo hilo linakuwa dogo sana linapokuja suala la dawa za dukani kama sharubati ya kikohozi yenye kodeini. Mwaka 2018 serikali ya Nigeria ilikuwa imeshapiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa sharubati hiyo, baada ya waandishi wa habari kuonyesha jinsi ilivyokuwa ikiuzwa kwa siri. Msichana ambaye asingethubutu kuvuta bangi mbele ya watu aliweza kunywa chupa ya kikohozi chumbani kwake.

## Uskoti: umaskini na vidonge vya mtaani

Nchi ya Ulaya inayotajwa kwa masikitiko zaidi ni Uskoti. Mwaka 2020 ilihesabu vifo 1,339, idadi kubwa kuliko zote katika historia yake. Mwaka 2023 vilikuwa 1,172, na wanaume walikuwa katika hatari mara mbili ya wanawake. Ukikokotoa, unapata kama wanawake 14 kwa kila 100,000. Mwanamke wa Uskoti, basi, anakaribia hali ya Marekani kuliko ya majirani zake.

Lakini njia yake ni nyingine. Uskoti iliumizwa na heroini ya miaka ya 1980 na 1990, viwanda, vikiwemo vya kuunda meli, vilipofungwa na mitaa mizima ya Glasgow na Dundee ikakosa kazi. Walioanza wakati ule wamezeeka wakiwa bado wanatumia: wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 32 mwaka 2000, na mwaka 2023 ulikuwa 45. Miili yao imechoka, mapafu na maini yameharibika, na juu ya heroini sasa kuna vidonge vya bei nafuu wanavyoviita Valium ya mtaani, ambavyo si Valium hata kidogo. Ni kemikali nyingine za kulaza, zinazotengenezwa kwa siri, na hakuna anayejua kidonge kimoja kina kiasi gani. Mkazi wa mitaa maskini kabisa ya Uskoti yuko katika hatari ya kufa kwa dawa mara 15 kuliko mkazi wa mitaa yenye neema.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pengo kati ya wanaume na wanawake lilikuwa pana kuliko sasa. Kisha vifo vya wanawake vikaanza kukimbia. Kwa asilimia, ongezeko lao lilizidi mara mbili lile la wanaume, hadi mwaka 2018 serikali ikachapisha uchunguzi ulioliuliza swali hilo peke yake: kwa nini wanawake? Majibu yalitaja uzee wa kizazi kile cha heroini, ukatili wa wanaume majumbani, kubanwa kwa misaada ya serikali, na jambo moja ambalo kila mama atalielewa bila kuelezwa: kunyang'anywa watoto. Mama akijulikana kuwa anatumia, ustawi wa jamii unaweza kumchukua mtoto. Akiogopa hilo, hatafuti tiba. Na mtoto akishachukuliwa, sababu ya kujizuia imeondoka naye.

Huko Kanada hali ni kali zaidi kwa wanawake wa jamii za asili. Nchi hiyo imepoteza watu zaidi ya 50,000 kwa dawa za jamii ya afyuni tangu 2016, na karibu watatu kati ya wanne ni wanaume. Lakini katika jimbo la British Columbia, mwanamke wa jamii za asili amekuwa akikabiliwa na hatari zaidi ya mara 10 kuliko wanawake wengine wa jimbo hilo. Nyuma yake kuna ardhi iliyochukuliwa na shule za bweni zilizowatenga watoto na wazazi wao kwa vizazi. Wastani wa taifa unamficha kabisa.

## Wiki na miezi inayoua

Kuna vipindi viwili katika maisha ya mwanamke mraibu ambavyo ningependa kila muuguzi, kila bwana jela na kila mama mkwe avijue.

Cha kwanza ni baada ya kujifungua. Wakati wa ujauzito wanawake wengi hujitahidi mno kuacha, na wengine hupata tiba kwa sababu kliniki inawafuatilia. Uchunguzi uliofanywa jimbo la Massachusetts, kwa wanawake waliojifungua wakiwa na uraibu wa dawa za jamii ya afyuni, ulikuta kwamba hatari ya kuzidisha dozi ilikuwa ndogo kabisa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Ilikuwa kubwa kabisa miezi 7 hadi 12 baada ya kuzaa. Fikiria miezi hiyo. Wageni wa arobaini wameshaondoka. Kliniki inampima mtoto uzito, mama haulizwi. Usingizi hautoshi, na pengine huzuni imemkaa ambayo hakuna aliyeipa jina. Mwili uliokaa miezi bila dawa umepoteza uvumilivu wake, yaani ule uwezo wa kuhimili dozi kubwa uliojengeka kwa mazoea. Akirudia kiasi chake cha zamani mara moja tu, anaweza kufa.

Cha pili ni kutoka gerezani, na kanuni ya mwili ni ile ile. Watafiti waliwafuatilia watu karibu 49,000 walioachiwa kutoka magereza ya England na Wales kati ya 1998 na 2000. Wanawake waliokufa ndani ya wiki mbili za kwanza, wote, walikufa kwa dawa. Katika mwaka mzima wa kwanza walikufa wanawake 100, ambapo kwa wanawake wa umri huo katika jamii ya kawaida wangetarajiwa kufa kama 8. Wanaume walikufa 342 badala ya 46. Hapa kwa mara ya kwanza katika sura hii kiwango cha wanawake kinawapita wanaume.

Kwa nini? Mwanamke akifungwa, mara nyingi nyumba inavunjika. Mwanaume akitoka jela hukuta mke, mama au dada anayemsubiri na sahani ya chakula. Mwanamke akitoka hukuta chumba kimepangishwa kwa mtu mwingine, na anayempokea ni yule yule aliyekuwa akimpa dawa.

Uskoti ilianza mwaka 2011 mpango wa kitaifa wa kugawa naloksoni, dawa inayozuia afyuni mwilini na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache, na wafungwa wanaotoka ni miongoni mwa wanaopewa. Naloksoni haimleweshi mtu na haina uraibu. Hutolewa kwa sindano au kwa kupulizwa puani, na mtu wa kawaida hufundishwa kuitumia kwa muda mfupi.

## Na sisi?

Turudi pwani. Heroini imepita katika bandari zetu na kwenye majahazi kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu yake imebaki. Duniani, karibu mtu mmoja kati ya watano wanaojidunga ni mwanamke, na huku kwetu wanaoonekana ni wachache zaidi. Nasema wanaoonekana, kwa sababu mwanaume hujidunga maskani, mchana kweupe. Mwanamke hujificha gesti, chumbani kwa rafiki, au nyumbani kwa mwanaume aliyemfundisha. Mara nyingi mwanaume huyo ndiye anayenunua kete, ndiye anayemdunga, na yeye mwanamke ndiye wa mwisho kupokea sindano.

Utafiti mmoja wa Dar es Salaam uliwapima wanaojidunga na kukuta VVU kwa wanawake zaidi ya nusu, ilhali kwa wanaume ilikuwa karibu robo. Mwaka 2005 watafiti waliandika jambo ambalo lilisomwa kwa mshtuko duniani. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono jijini humo walikuwa na desturi ya kusaidiana: aliyefanikiwa kujidunga alivuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na pesa, naye akajidunga damu ile, akiamini ina unga wa kutosha kumtuliza arosto. Arosto ni yale mateso ya mwili unaoidai dawa, yaani baridi, kuhara, mifupa kuuma. Heroini iliyomo kwenye damu hiyo ni kidogo mno. Virusi ni vya kutosha. Na desturi hiyo ilitokana na huruma: hakutaka kumwona mwenzake anateseka.

Wanawake hao walipokufa, vifo vyao viliandikwaje? Vikiandikwa, viliandikwa kifua kikuu, malaria, homa, au kuugua kwa muda mrefu. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki inayochapisha kila mwaka idadi ya waliokufa kwa kuzidisha dozi, wanawake kando na wanaume kando, kama Uskoti inavyofanya. Mtu akikutwa amefariki chumbani, familia hutafuta kibali cha kuzika, na pwani maziko hufanywa siku hiyo hiyo au kesho yake. Damu haipelekwi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali isipokuwa polisi wakishuku jinai. Na kwa binti, familia ina sababu zaidi ya kunyamaza, kwa kuwa aibu ya teja wa kike inawaangukia dada zake ambao hawajaolewa. Kwa hiyo nchi inayoonekana salama kwenye jedwali inaweza kuwa nchi ambayo haikupima.

Tiba ipo. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoondoa arosto bila kumlevya mtu, ili aache sindano na arudie maisha. Kliniki za Mwananyamala na Temeke zilifuata. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Lakini katika miaka ya mwanzo pale Muhimbili, wanawake hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Methadoni ilikuwa ya kunywewa kila siku mbele ya mhudumu, asubuhi. Anayefanya kazi usiku kucha amelala saa hizo. Mwenye mtoto mchanga hana wa kumwachia. Anayeishi na mwanaume muuzaji hapewi nauli. Na foleni ya wanaume mia, wengine waliowahi kumdhulumu, si mahali pa mwanamke kujipeleka peke yake.

Mambo haya yanarekebishika kwa gharama ndogo: siku au saa za wanawake peke yao, kona ya watoto, na muuguzi wa uzazi anayekaa kliniki hiyo hiyo ili mama asizungushwe. Naloksoni nayo itoke stoo ya hospitali, ifike kwa wanaoishi na watumiaji, maana ambulensi haitawahi kufika kichochoroni ndani ya dakika tano.

Hesabu nayo inaweza kuanza bila kusubiri mfumo mkubwa. Kila kliniki ya methadoni ina daftari la wagonjwa wanaofika kila siku. Asipofika siku tatu, wahudumu wanajua, na mara nyingi waelimishaji rika, wale waliopona wanaowarudia wenzao mitaani, wanajua hata nyumba alimokutwa. Daftari hilo likiongezewa safu ya jinsi, tarehe ya kifo, na alichokutwa nacho, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zitakuwa na nambari ya kuanzia ndani ya mwaka mmoja. Na kwa familia zinazoogopa mwili kuchelewa au kupasuliwa: damu ya kupima dawa huchukuliwa kwa sindano pajani, na maziko yanaweza kuendelea siku hiyo hiyo.